Ardwazi, Kuku na Unene wa Mama Faida

Ninyi vijana wa dispanseri, munaovaa saa kwenye mukono na kuandika bila kulamba ncha ya kreyo, mumeniomba niwaambie kazi ilikuwa namna gani zamani zetu. Mumeniomba kwa heshima, lakini niliwaona mukitazamana. Haidhuru. Sasa nimepumzishwa kazi, muda ninao na mudomo ninao. Habari za vyeo sitazisema. Cheo ni kofia, na kofia inakubali kichwa chochote. Habari za mushahara pia sitazisema, maana bibi yangu atasomewa karatasi hii. Nitasema kazi yenyewe.

Shule nilisoma kidogo. Nilipofika kwenye herufi za jina langu, baba akaniita shambani, maana maharagi hayangoji mutoto amalize alfabeti. Herufi zilizobaki niliziokota mimi mwenyewe kwenye makopo ya dawa na mifuko ya chumvi. Nani kati yenu aliokota kitu chochote?

Nilianza pale Nyabiondo, kwenye milima ya Masisi, katika miaka ya arobaini, wakati Wazungu walikuwa wanapigana kwao na dawa zilikuwa zinatufikia kama mvua ya kiangazi. Nilichukuliwa kufagia dispanseri. Anfirmie wetu, yaani muuguzi, alikuwa Papa Toma, muntu mufupi mwenye sauti ya kujaza kanisa. Siku ya kwanza akanionyesha mufagio, akanionyesha wagonjwa, akasema: "Hii gusa. Bale usiguse." Nikafagia. Nilifagia vizuri hata mama mumoja aliyetoka mbali akampita Papa Toma bila salamu, akaja kunifungulia mimi kidonda chake. "Huyu njo munganga," akasema. "Angalia miguu yake, haina matope." Papa Toma hakucheka. Kesho yake akaanza kunifundisha kufunga vidonda. Alisema kama wagonjwa wamekwisha kunichagua, yeye ni nani wa kukatala.

Alinifundisha kuchemsha sindano, kupima kinini, ile dawa ya malaria, kusikia kifua kwa sikio tupu. Lakini kitu kikubwa alichonipa ni neno moja. Nilikuwa nimelalamika kwamba wagonjwa wanadanganya. Akaniambia: "Anselmi, mugonjwa hadanganyake. Anajibiaka ulizo ingine. Kazi yako ni kutafuta ile ulizo." Mimi niliona ni neno la muntu aliyechoka na maswali. Liwekeni mufukoni, tutalihitaji.

Miaka ya hamsini ilipoanza, dokta mumoja Muzungu akawa anapita kwetu katika ziara zake za vilima. Alikuwa mwembamba, na alipenda wazee kama wengine wanavyopenda kuwinda. Alikuwa anawatafuta wale ambao maneno yanawatoka pole pole: leo jina la jirani, kesho jina la jembe, mwaka ujao karibu yote. Sisi tulikuwa tunasema "uzee", halafu tunaenda kulima. Yeye alisema hapana, ni ugonjwa wa kichwa, na akautaja kwa Kifaransa, demansi, kwa upole kama muntu anayemutaja mukwe wake.

"Usimuulize kwa mudomo peke yake," akaniambia. "Mudomo njo mahali ugonjwa umekaa. Muulize kwa mukono."

Akanipa ardwazi, kile kibao cheusi cha wanafunzi, na chaki. Kazi ilikuwa hivi. Unamuonyesha muzee kuku, unamuuliza jina. Jina likikatala kuja, unaficha kuku, unamuomba aichore. Akichora mudomo, mabawa na miguu miwili, basi neno limepotea lakini kuku mwenyewe bado iko ndani. Akichora kuku ya miguu ine, ujue kuku yenyewe imeanza kutoka kichwani. Unafuta, unarudi baada ya mwezi, unaomba tena. Hivyo unaona ugonjwa unatembea namna gani.

Dokta alituchorea kuku ya mufano. Tukaizunguka, tukaitazama. Papa Toma akainamisha kichwa huku na huku, mwisho akasema: "Chungu nzuri." Dokta alicheka mupaka akafuta miwani. Kuanzia siku ile nilijua ni muntu wa kufanya naye kazi.

Ila wazee wetu walikuwa hawajashika chaki hata siku moja. Ukimupa muzee wa kilimani chaki, anainusa, ao anaila. Nikavumbua njia yangu. Kwanza nilitandaza unga wa muhogo kwenye ungo, muzee anachora kwa kidole, anacheka, mukono unazoea. Halafu njo ninaleta ardwazi. Hii ilikuwa yangu, siyo ya dokta. Muandike hapo.

Nilikosea pia kusoma michoro, kila muntu anakosea, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa natembea na miguu kwenda kukosea mbali. Kule Burungu, kwa wafugaji, nilimuomba muzee mumoja achore ng'ombe zake. Kila muntu alijua boma lake linajaa. Akachora ng'ombe moja, nyembamba, akaiwekea na kilema. Nikasikitika sana. Nikasema, masikini, kichwa chake kimekwisha. Nikamuuliza tena: "Papa, zingine?" Akafuta mukia wa ile moja. Nilikuwa nimekwisha kumuhesabu kati ya wagonjwa wakubwa, mupaka bibi yake akanivuta pembeni: "Munganga, umekuja na kofia ya kaki na unauliza ng'ombe. Anafikiri uko muntu wa kodi." Muzee huyo alikuwa na akili kunipita mimi na dokta pamoja.

Na pale Nyabiondo, mama mumoja nilimuonyesha jembe. Akalitazama, akafunga mudomo. Nikamuonyesha tena. Akasema: "Ile ya kulimia." Nikasema, limepotea, jina limepotea! Nikampa chaki, akachora jembe zuri, na mupini, na udongo kwenye ncha. Nikafurahi, nikawaeleza watoto wake kwamba neno limetoka lakini jembe limebaki. Watoto wakaangaliana. Baba mukwe wake aliitwa Jembe, na kwa mila yetu muke hawezi kutamka jina la baba mukwe, hata akiwa amekufa, hata akiwa jembe kweli. Papa Toma aliposikia alisema tu: "Alijibu ulizo ya mukwe wake." Akaendelea kuchemsha sindano.

Mugonjwa wa kweli wa kwanza nilimupata kule Kibua, katika teritware, yaani wilaya, ya Walikale, nilipotumwa kusaidia kwa muda. Alikuwa bibi kizee mucheshi, anayejua nyimbo zote za kanisa. Akanichorea kuku ya miguu ine, akaongeza pembe kidogo, akanipa ardwazi kwa majivuno. Wajukuu wakaanguka chini kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Halafu bibi akaniuliza kwa sauti ya chini, kama muntu anayeuliza njia: "Sasa, iko na miguu ngapi?" Hapo kicheko changu kilikatika chenyewe. Alikuwa amefuga kuku maisha yake yote.

Sasa nifike kwa Serubungo, maana bila yeye nisingeanza kusema.

Papa Serubungo alikaa juu kidogo ya Nyabiondo. Alikuwa musemaji wa maposa. Familia ikitaka kuombea kijana wake muchumba, inamuita yeye, anasimama mbele ya wakwe, anasema. Na munajua maposa yetu: hakuna muntu anayesema kitu kwa jina lake. Hausemi "tumekuja kuomba binti yenu". Unasema umepoteza ndama, umeona nyayo zake zinaingia hapa. Serubungo alikuwa fundi wa mafumbo. Kwa hiyo ugonjwa ulipomuanza, hakuna muntu aliyeuona. Siku moja alisimama mbele ya wakwe, akatafuta neno, akatafuta, akasema: "Tumekuja... tumekuja kuchukua mulango." Wazee wa upande wa pili wakatikisa vichwa. "Mulango!" wakasema. "Binti njo mulango wa nyumba! Ah, Serubungo!" Wakapiga makofi, wakakubali. Posa lililofuata akaomba sufuria. Akakubaliwa tena. Muzee alikuwa anapotea mbele ya watu, na watu walikuwa wanamushangilia.

Walikuja kushituka siku alipokosa neno lolote, akasimama mbele ya wakwe akitingisha fimbo, halafu akakaa. Wakwe walingoja fumbo kubwa. Halikuja.

Hapo kaka yake mukubwa, Papa Birere, akaanza kusema mambo. Bibi wa Serubungo, Mama Faida, alitoka Kibua, kule msituni. Na kwetu milimani kuna upuzi mumoja wa zamani, kwamba watu wa msituni wanajua majani ya kufunga ulimi. Birere akasema: "Ulimi ya ndugu yangu haikupotea. Imefungwa, na mwenye kufunga iko jikoni." Akataka Mama Faida arudishwe kwao Kibua, aache nyumba, aache shamba, aache bwana wake. Walikuwa wameishi pamoja tangu vijana, watoto wao walikuwa wameolewa mbali. Akirudishwa kwa jina hilo, nani angempokea? Na Serubungo, nani angemulisha?

Mimi nilikuwa nimekwisha kumufuata Serubungo na ardwazi. Mara ya kwanza nilipomuambia achore watu wa nyumba yake, alimuchora Mama Faida peke yake, akajaza ardwazi nzima. Mama Faida alikuja kuangalia juu ya bega langu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni weye, mama."

"Mimi? Na hii tumbo?" Akamugeukia bwana wake. "Papa Faida, mimi njo hii? Umechora ng'ombe yenye mimba!"

Serubungo alitabasamu, akachukua chaki, akamuongeza unene upande wa pili.

Kila mwezi ilikuwa hivyo. Maneno yalipungua, kuku ilianza kuchanganyikiwa miguu, lakini Mama Faida alibaki munene. Na kila mara waligombana, yeye kwa maneno, bwana kwa chaki. Niliwahi kuona ndoa za watu wenye maneno yote ambazo hazikuwa na mazungumuzo mazuri kama yale.

Siku ya baraza ya familia nikaitwa na ardwazi yangu. Tulianza asubuhi, kwenye uwanja wa Serubungo. Wanaume kwenye vibao, wanawake kwenye mikeka, na katikati chungu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya kunywewa baada ya maneno. Mama Faida alikaa karibu na mulango wa jikoni. Furushi lake lilikuwa limekwisha kufungwa; Birere njo aliyeamuru lifungwe mapema, ili watu wasichelewe.

Niliwaeleza. Nikasema ugonjwa huu unatembea pole pole, nimeuona Kibua, nimeuona Masisi, hata mahali ambapo hakuna muke wa msituni. Birere akanisikiliza, halafu akasema: "Anselmi, weye unasema ardwazi inajua yenye iko ndani ya kichwa. Sawa. Tumuulize kwa ardwazi."

Nilikuwa nimejifunga mimi mwenyewe kwa kamba yangu. Nikampa Serubungo chaki.

Birere akainama mbele yake, akasema kwa sauti kubwa kama anaita muntu wa ng'ambo ya muto: "Ndugu yangu! Nani alikufunga ulimi? Chora!"

Serubungo akatazama uwanja, akatazama chungu, akatazama ardwazi. Akachora. Kwanza chungu. Halafu kando ya chungu, muntu munene. Hakuna aliyeuliza ni nani. Halafu akachora murija, ule mwanzi wa kunywea, kutoka kwenye chungu mupaka kwenye mudomo wa yule munene. Nyuma yake akaweka muntu mudogo amesimama.

Birere akanyanganya ardwazi, akaizungusha mbele ya watu. "Munaona? Munaona? Chungu na bibi! Anaitia dawa kwa murija! Anapuliza! Na huyu nyuma iko ndugu yangu, anangojea kufa!"

Watu wakaguna. Mara moja tu niliona Mama Faida anaangalia ule muchoro na kujishika kiuno, kwa mazoea.

Miaka yote nilikuwa nasema muchoro unasema, na leo ulikuwa umesema vibaya. Nikaona tayari njia ya Kibua na mama yule na furushi lake. Halafu neno la Papa Toma likanipiga kichwani: anajibiaka ulizo ingine. Ulizo gani? Nikamuangalia Serubungo. Hakuwa anamuangalia Birere, wala ardwazi, wala bibi yake. Alikuwa anaangalia chungu, na alikuwa analamba midomo. Jua lilikuwa kali. Tulikuwa tumesema tangu asubuhi.

"Papa Birere," nikasema, "ndugu yako hakujibu ulizo yako. Ana kiu. Ameomba pombe, na yule mudogo nyuma ni yeye, anangoja zamu yake."

Uwanja wote ukacheka. "Iko anaomba pombe!" mumoja akarudilia. Birere akakasirika. "Kiu? Basi tutaona." Akachota kibuyu, akamupelekea ndugu yake mudomoni.

Serubungo akafunga mudomo. Akamuangalia kaka yake, akangoja.

"Kunywa!"

Akangoja.

Shangazi mumoja muzee, aliyekuwa analala kwenye mukeka tangu mwanzo, akafungua jicho moja. "Onja kwanza, Birere. Weye ulilelewa na nani?"

Kila muntu wa vilima anajua. Anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza mbele yako, uone hakuna sumu. Serubungo alikuwa amepoteza jina la jembe, jina la kuku, majina ya watoto wake, lakini jambo lile la kuonja hakulipoteza. Birere akaonja kwa hasira, akafuta mudomo, akamupa tena. Serubungo akachungulia ndani ya kibuyu. Akatazama koo ya kaka yake kama imemeza kweli. Akasukuma kibuyu.

Sasa watu walikuwa wanacheka wazi.

Nikasema: "Mama Faida, jaribu weye."

Akainuka. Akachukua kibuyu, akakiinua kwenye midomo yake ili aonje, maana mila ni mila, na siku ile zaidi. Kibuyu hakikufika. Serubungo alikinyanganya kabla hajaonja, akakigeuza, akanywa mupaka chini, macho yamefungwa, pombe ikimutiririka kwenye kidevu. Akamaliza. Akamurudishia bibi yake, akaonyesha chungu kwa kidole: ingine.

Pembeni mbuzi akalia, akanyamaza.

Muntu wa kwanza kusema alikuwa bibi wa Birere. Alisimama, akakunja mukeka wake. "Bwana," akasema, "weye ndugu yake umeonja, amekatala. Bibi yake hakuonja, amemunyanganya. Unangojea nini tena? Twende nyumbani, maharagi yangu iko ku moto."

Muzee wa familia akaamuru chungu kigawanywe, na maneno yakaishia hapo. Birere alikunywa pia. Alikunywa mingi kuliko wote. Alipoondoka alisimama mbele ya Mama Faida, akatafuta neno, akatafuta, mupaka nikaogopa ugonjwa uko kwa familia yote. Mwisho akainama, akabeba lile furushi, akalirudisha ndani ya nyumba yeye mwenyewe.

Dokta aliporudi nilimueleza yote. Akaniuliza kama nimeandika mambo hayo mahali. Nikamuambia hapana, nimeyakunywa. Akakubali.

Niliendelea kupanda kwa Serubungo. Sitawadanganya, hatukumuponyesha, hata leo na masanduku yenu ya dawa hamungemuponyesha. Kuku ilipata miguu ine, halafu ikawa duara. Nyumba ikawa mistari. Mama Faida naye akaanza kupungua kwenye ardwazi: kwanza tumbo likaenda, halafu mikono, halafu kichwa. Wakati huo Serubungo hakusema neno tena, hata moja. Nilikuja kumuambia bibi yake kwamba karibu sitahitaji kuleta chaki.

Mara ya mwisho alishika chaki kwa muda murefu. Akapiga mustari mumoja, umesimama, mufupi. Basi. Akanipa ardwazi.

Mama Faida alikuja juu ya bega langu kama kawaida. Alitazama sana. Nilikuwa natafuta neno la kumupa, na mimi nikakosa.

"Njo mimi," akasema.

"Unajua namna gani, mama?"

"Ni nani mwingine anamuchoraka?" Akainamisha kichwa, akaangalia ule mustari upande huu na upande ule, akatabasamu. "Papa Faida, asante. Kwa mwisho umeniondolea unene."

Nikachukua kitambaa nifute ardwazi, maana kazi ni kazi. Akaninyanganya ardwazi.